Oili inakwenda, lakini inarudi?

Maswali ya wasomaji kuhusu pikipiki. Majibu yanatoka kwa fundi mkongwe, karakana ya Mabatini, Mwanza.

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi, na cha kushangaza ni kwamba si za Boxer wala TVS. Ni za pikipiki zinazonikaribia mimi kwa umri, na nyingine zimenipita. Naona wajukuu wameanza kufungua maghala ya babu zao. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu kijana aliyeiandika amesimama palepale niliposimama mimi miaka ile, siku moja kabla ya kuharibu.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa bodaboda hapa Igoma, nina miaka 29. Marehemu babu aliacha BSA M20 kwenye ghala la pamba kule Magu, imekaa humo tangu sijazaliwa. Nimeifungua yote. Beringi ya konrodi nimepata, pistoni na ringi nimepata, magineti nimeipeleka kufungwa waya upya. Kilichonikwamisha ni oili. Tanki lake liko pembeni, mbali na injini, na mabomba ya kuviunganisha yaling'olewa, sijui na nani. Kwenye injini naona matundu mawili jirani, hayana alama yoyote. Mimi nimezoea injini ambayo oili iko humohumo ndani. Bomba lipi linakwenda wapi? Nitumie mpira gani? Na ni kweli nikiiwasha mara ya kwanza niache kifuniko cha tanki la oili wazi? Rafiki yangu anasema hizo ni mbwembwe za wazee. — Msomaji, Igoma

Marahaba mwanangu. Rafiki yako huyo akija kutengeneza injini ya M20 usimkopeshe spana.

Kwanza tuelewane hiyo mashine ni nini. M20 ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1937 hadi 1955. Silinda moja, sisi 496, vali zimekaa pembeni ya silinda badala ya juu yake. Jeshi la Waingereza lilizitumia kwa maelfu katika Vita ya Pili, na vita vilipokwisha nyingi zikauzwa kwa raia. Ni mashine nzito, haina haraka, na ikipata oili haifi. Neno lenyewe ndilo hilo: ikipata.

Kwenye Boxer unayoitengeneza kila siku, oili inakaa chini ya injini kama maji kwenye karai. Pampu inaichota, inaipandisha, nayo inateremka yenyewe. Ukiisahau, imo tu. Kwenye M20 karai hilo linatakiwa kuwa tupu. Oili inakaa kwenye tanki, inateremka kwa bomba la kwanza hadi kwenye pampu, pampu inaisukuma kwenye beringi ya konrodi, ile fimbo inayobeba pistoni, kisha inamwagika chini kwenye sampu, yaani hilo karai la chini ya injini. Hapo pampu ya pili, iliyo kwenye mwili mmoja na ile ya kwanza, inaizoa na kuirudisha juu kwenye tanki kwa bomba la pili. Ukifungua pampu utaona jozi mbili za gia. Jozi moja ina meno mapana kuliko nyingine. Hiyo pana ndiyo ya kurudisha, na ilifanywa pana makusudi ili izoe haraka kuliko inavyoletewa, sampu isijae. Ndiyo maana oili inayorudi inatoka kwa kutapikatapika, imechanganyika na mapovu. Usishtuke ukiyaona, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa matundu yako mawili. Miaka ya themanini mwanzoni nilimfungia injini kama hiyo mzee mmoja wa Kisesa. Nilikuwa na umri kama wako, na kujiamini zaidi yako, maana wewe umeuliza. Mabomba nilitengeneza mwenyewe, yalikaa vizuri mno, yamepinda sambamba kama reli. Nikamimina kikombe kizima cha oili kwenye tumbo la injini ili isianze kavu, nikajaza tanki, nikafunga kifuniko, nikapiga kiki. Ikawaka mara ya tatu. Sauti tamu. Nikaondoka nayo kumpelekea mwenyewe.

Sikufika Kisesa. Nimepita Igoma kidogo, karibu na kwenu hapo, nikasikia kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko, taratibu, halafu kwa haraka. Sikupata hata muda wa kuvuta krachi. Gurudumu la nyuma likajam, nikachora mstari mweusi barabarani. Nilipoifungua siku iliyofuata, roli za beringi ya konrodi zilikuwa na rangi ya buluu kama shingo ya kanga. Tanki lilikuwa limejaa. Oili yote ilikuwepo, safi, haijakwenda popote.

Nilikuwa nimeyapishanisha mabomba. Pampu ya kurudisha ilikuwa inasukuma oili kwenye tanki kwa kupitia chini, na pampu ya kupeleka ilikuwa inanyonya kwa bomba la juu, pale penye hewa. Kile kikombe nilichomimina ndicho kilichonifikisha Igoma. Niliuza mbuzi wawili kulipa beringi, na mwenye pikipiki alinisamehe mdomoni tu. Nami kifuniko cha tanki sikuwa nimekifungua. Ningekifungua na kuchungulia kwa dakika moja pale karakana, ningeona kwamba hakuna kinachorudi, ningezima.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ndilo hilo. Unaacha wazi. M20 haina taa ya oili kama gari, wala geji. Geji yako ni jicho lako kwenye mdomo wa tanki.

Kujua tundu lipi ni lipi si kazi ya kubahatisha wala ya kukumbuka picha ya simu. Upande wa tanki ni rahisi: bomba la kwenda linatoka chini kabisa, lina chujio la nyavu ndani yake, na la kurudi linapanda ndani ya tanki mpaka karibu na mdomo. Upande wa injini fanya hivi. Toa plagi. Simamisha pikipiki kwenye stendi, ingiza gia kubwa kabisa, halafu uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, mwelekeo wa kwenda mbele. Ni rahisi kuliko kupiga kiki, na gurudumu likizunguka kidogo injini inazunguka mara nyingi. Dondoshea oili kila tundu kwa sindano ya dawa isiyo na ncha, lijae mpaka mdomoni. Endelea kuzungusha. Tundu moja litaanza kumeza, tone linazama taratibu kama jicho linalofumba. Hilo ni la kwenda. Lingine litapuliza mapovu au kutema. Hilo ni la kurudi. Uwe na subira, maana pampu ya BSA inazungushwa na gia ya skrubu, inakwenda polepole sana kuliko krenki. Ukishajua, funga uzi mwekundu kwenye tundu la kwenda. Mimi mpaka leo nafunga uzi, na wajukuu wangu wananicheka.

Mabomba. Ya asili yalikuwa ya chuma, lakini huna haja ya kusumbuka nayo. Nenda kwa mafundi wa friji. Wao wanauza bomba laini la shaba kwa futi, linakuja limezungushwa kama nyoka aliyelala. Chukua lenye tundu la milimita nane, lisiwe jembamba kuliko hapo, hasa la kwenda. Na hukohuko kuna mtu mwenye fimbo za fedha za kuchomelea, mpe nati na nipo zako akuunganishie, maana anachomelea vitu vya presha kila siku na mkono wake ni safi kuliko wa wengi wetu wa pikipiki.

Shaba ina ugonjwa mmoja. Ikitikiswa sana inakuwa ngumu, ikishakuwa ngumu inapasuka, na inapasuka palepale inapoingia kwenye nati, mahali ambapo huoni. Dawa ni mbili. Ya kwanza, ukishamaliza kulipinda, lipashe moto mpaka liwe jekundu la kufifia, kisha litumbukize majini. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inakuwa laini kama mkanda. Ya pili, usilipeleke bomba moja kwa moja kutoka injini hadi tanki. Injini ya silinda moja inatingisha kama mtu mwenye malaria. Kata bomba katikati, acha pengo la kama vidole vinne, uliunganishe kwa kipande cha mpira. Mpira utabeba mtikisiko.

Mpira gani? Hapa ndipo nimeona vituko. Nimeona mpira wa dripu, nimeona mpira wa kumwagilia bustani, nimeona ule wa plastiki unaoonyesha ndani ambao vijana wanaupenda kwa sababu unaona oili ikipita. Huo wa mwisho ndio mbaya kuliko yote kwa sababu unavutia. Ukipata moto unalegea, unachomoka. Ukipoa unakuwa mgumu kama ukucha, unavuja. Wewe uko Mwanza, mwanangu, tumia faida ya ziwa. Teremka Mwaloni, Kirumba, kwenye maduka ya vifaa vya mitumbwi, ununue mpira mweusi wa mafuta wa injini za boti. Una kuta nene, umetengenezwa kwa mafuta na jua. Ila wakikuuzia wenye lile puto la kuminya katikati, likate ulitupe. Ndani ya puto kuna vali za kuzuia kurudi, na kwenye oili nzito zitakuwa kizuizi tu. Kaza kwa klipsi za skrubu, usitumie bindingi waya. Waya unaukata mpira kimyakimya.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hawalijui. Bomba la kurudi likiwa na ufa, utaona oili imemwagika, utajua. Bomba la kwenda likiwa na ufa wakati injini inazunguka, huenda usione hata tone, kwa sababu pampu inanyonya, inavuta hewa ndani. Pikipiki ni safi, chini hakuna doa, na beringi inakula mapovu. Kwa hiyo ukishafunga, jaza tanki, tandika karatasi nyeupe chini ya mabomba, ulale. Asubuhi soma karatasi.

Tanki lenyewe, baada ya miaka hiyo yote ghalani, ndani lina uji mweusi na kutu. Usilisafishe kwa mchanga wa ziwani kama nilivyoona mtu anafanya. Punje moja ikibaki kwenye mshono wa tanki itasubiri mpaka siku injini imepata moto, halafu itateremka. Weka mafuta ya taa na kipande cha mnyororo wa zamani uliofungwa waya mwisho mmoja, utikise mpaka mikono ichoke, kisha uvute waya mnyororo utoke wote. Nati ndogondogo pia zinafaa, ila uzihesabu zikiingia na uzihesabu zikitoka.

Chini ya injini kuna kifuniko cha sampu chenye nyavu. Kifungue. Utaona mdomo wa bomba fupi la kunyonyea, na ndani yake kuna gololi moja ya chuma. Ingiza waya mwembamba uisukume juu. Inatakiwa ipande na kushuka yenyewe kwa uzito wake. Ikigandamana, pampu ya kurudisha hainyonyi kitu hata iwe mpya, sampu inajaa na pikipiki inatoa moshi kama jiko la mkaa lenye kuni mbichi. Baada ya miaka thelathini ghalani, mimi naweka dau kwamba imegandamana.

Siku ya kuwasha: legeza nati ya bomba la kwenda pale injini, subiri oili iteremke na mapovu yaishe, kaza. Mimina kama robo kikombe kwenye tumbo la injini, si kikombe kizima kama mimi. Plagi ikiwa nje, zungusha gurudumu mpaka uone oili inatapika kwenye mdomo wa tanki. Inaweza kuchukua muda mrefu, pokezana na huyo rafiki yako mwenye mbwembwe. Hapo tu ndipo unarudisha plagi. Ikishawaka, mtu mmoja akae na jicho mdomoni mwa tanki, mkono karibu na kiwiko cha kuzimia. Mkondo ukikatika, zima kwanza, maswali baadaye.

Mwalimu wa Nansio, Ukerewe, anauliza: Ndugu fundi, nina Triumph ya silinda mbili niliyoirithi kwa mjomba. Naiendesha wakati wa likizo tu. Kila nikirudi baada ya miezi miwili nakuta oili ya tanki imepungua nusu. Naongeza, nawasha, moshi wa buluu unatoka hadi majirani wanafunga madirisha, kisha oili inafurika kwenye mdomo wa tanki na kumwagikia suruali. Chini hakuna doa. Inakwenda wapi? Rafiki amenishauri nifunge bomba la maji, yaani koki, kwenye bomba la kwenda, niwe nafunga nikiondoka.

Mwalimu, oili haijakwenda mbali. Imo tumboni mwa injini. Tanki liko juu, injini iko chini, na pampu iliyochakaa haiwezi kuzuia maji ya mlimani yasiteremke. Miezi miwili inatosha. Ukija na kuongeza, unakuwa na oili ya safari mbili katika pikipiki moja. Ukiwasha, pampu ya kurudisha inazoa yote iliyokuwa chini na kuipandisha kwenye tanki ambalo wewe umeshalijaza. Suruali yako inajua kilichofuata.

Kwa hiyo usiongeze kabla ya kuwasha. Ukirudi likizo, fungua nati ya chini ya sampu, teremsha iliyomo kwenye chombo safi, uipime, ndipo ujue tanki linahitaji nini. Oili ya tanki kwenye mashine hizi inapimwa injini ikiwa imetoka kuzunguka, si ikiwa imelala.

Kupunguza tatizo lenyewe: pampu ya Triumph si ya gia kama ya BSA. Ni ya fimbo mbili zinazopanda na kushuka, nyembamba ya kupeleka na nene ya kurudisha, na chini ya kila fimbo kuna gololi na springi. Uchafu mdogo kama punje ya sukari ukikaa chini ya gololi, njia inabaki wazi. Fungua vifuniko viwili vya chini ya pampu, toa springi na gololi, osha. Kiti kikiwa kimechakaa, weka gololi ya zamani juu yake, iguse mara moja kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo, itengeneze kiti kipya. Kisha tupa gololi hiyo, weka mpya. Mara moja, mwalimu. Si kugonga kama mwanafunzi aliyechelewa.

Ukiwa hapo angalia na lile bomba jembamba linalopanda kwenye roka juu, vile vikono vinavyosukuma vali. Linachukua oili yake kwenye bomba la kurudi. Kama kuna fundi aliwahi kulihamishia kwenye bomba la kwenda akidhani anasaidia, lirudishe, maana linaiibia pampu.

Na koki. Mimi sitaki hata kuisikia. Najua wapo wanaoitumia miaka na miaka, na najua wengine wanafunga swichi kwenye koki ili ikiwa imefungwa plagi isitoe moto. Hiyo ya swichi naiheshimu. Koki tupu, hapana. Siku moja mgonjwa ataita usiku, au utawahi kivuko cha asubuhi, utapiga kiki ukiwa na mawazo mengine. Injini itawaka vizuri tu, maana ina oili ya jana. Itakufikisha njiani.

Mama mmoja wa Sengerema anaandika: Mwangaluka fundi. Mume wangu anatengeneza pikipiki ya kizamani sebuleni kwangu. Hilo nimelizoea. Lakini Jumamosi nimemkuta amechemsha vyuma vya injini kwenye sufuria langu kubwa la msiba, ameweka na magadi makali ya kutengenezea sabuni, sufuria limetoboka. Anasema alikuwa anatoa uchafu kwenye njia za oili. Je, kuna fundi wa kweli anayefanya hivyo? Na lile dogo ambalo alichujia oili ya zamani nikiliosha vizuri linafaa kupikia?

Mwangaluka mama, na pole sana. Nikianza na mumeo: nia yake ilikuwa njema, njia za oili lazima zisafishwe mpaka upepo upite kila tundu. Lakini magadi hayo makali, yale ya kostiki, yanakula aluminiamu. Sufuria ni aluminiamu. Na vyuma alivyochemsha, vile vyeupe vya tumbo la injini, navyo ni aluminiamu. Mwambie aache kuomboleza sufuria, akaangalie injini. Kama alivitoa mapema ameponea chupuchupu. Kama uso unaokaa gasketi umekuwa na mashimo kama uso wa muwa uliotafunwa, hautaziba tena bila kusawazishwa kwa mashine. Mara nyingine atumie mafuta ya taa, brashi ya chupa, na maji ya moto yenye sabuni ya unga. Inatosha.

Lile sufuria dogo usilipikie. Oili iliyokaa kwenye injini za wakati ule ilichanganyika na masalia ya petroli iliyokuwa na risasi, na risasi haiondoki kwa jivu na steelwire. Mwachie liwe la karakana. Kisha kwa maoni yangu, ambayo hukuniuliza, anakudai masufuria mawili, na la msiba lisiwe la saizi ndogo kuliko lililokufa.

Oili chafu yenyewe asiimwage mtaroni. Mitaro yetu yote inajua njia ya ziwani. Aihifadhi kwenye dumu, mafundi seremala wanaitaka kwa kupaka nguzo za uzio, mchwa hawaigusi.

Msomaji wa Musoma: Oili ya namba gani kwa BSA ya 1951? Dukani wananipa ya magari ya kisasa nyepesi kama maji, wanasema ndiyo bora kwa sababu ni ghali.

Ghali kwa gari la kisasa, ndiyo. Injini yako ina roli na bushi zenye nafasi kubwa, na pampu ya kizamani. Inataka oili nzito. Vitabu vya enzi hizo vilisema namba moja tu, 40 au 50, na kwa joto letu la kandokando ya ziwa 40 inafaa mwaka mzima, 50 kama injini imechakaa. 20W-50 nayo haina shida, mimi naitumia.

Tahadhari ni hii. Mashine yako haina filta ya karatasi, ina nyavu tu. Oili za sasa zina dawa ya kuosha, zinabeba uchafu zikitembea nao. Kama injini haijawahi kufunguliwa tangu enzi za mkoloni, matope yaliyolala humo yataamshwa na kupelekwa kwenye beringi. Kwa hiyo injini iliyosafishwa mpaka ndani, weka oili ya sasa bila wasiwasi, ila uibadilishe mapema. Mimi injini mpya namwaga ya kwanza baada ya kilomita 200, kisha kila 1,500. Ambayo haijafunguliwa, ifungue kwanza.

Nilikuwa nimeshakabidhi kurasa hizi, simu ikalia. Ni yule kijana wa Igoma. Kile kipimo cha tone nilikuwa nimemtumia kwa ujumbe mapema, sikutaka asubiri jarida. Akaniandikia: "Mzee, tumezungusha gurudumu tangu saa tatu, tumepokezana watu watatu. Hakuna tundu linalomeza, hakuna linalotema. Gololi ya sampu ilikuwa imeganda kama ulivyosema, nimeitoa, inacheza. Pampu nimeijaribu nje kwenye bakuli la oili kabla ya kuifunga, inasukuma vizuri. Nimechoka."

Pampu nzima, gololi nzima, na matundu yote mawili kimya. Nikamuuliza gasketi ya pampu aliinunua wapi. Akasema amekata mwenyewe kwenye boksi la biskuti, akafuatisha pampu kwa kalamu. Nikamwambia aifungue anipigie picha.

Picha ikaja. Amekata vizuri kweli, nimeona mafundi wa miaka ishirini hawakati hivyo. Kingo zimenyooka, matundu ya skrubu yako sawasawa kabisa. Nikaivuta picha ikawa kubwa, nikaiangalia tena, nikamjibu:

"Ya skrubu nimeyaona yote, mwanangu. Ya oili yako wapi?"